Punje Niliyoipuliza

Mwanangu Elifuraha,

Saa hizi umeteremka Nduruma kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Mama yako yuko jikoni anahangaika na kuku wa safari. Mimi nimejifungia stoo, dirisha liko wazi, na mlima umeshajifunika mawingu kama kawaida yake ya alasiri. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukinikuta na kalamu utauliza, na ukiuliza nitapata kisingizio cha kuongea habari za mvua.

Mambo ya chandarua, ya sweta, ya kuchemsha maji, mama yako ameshakuambia, tena kwa orodha. Sitaongeza hata moja. Mpanda unakokwenda kuna watu na wanaishi. Mimi nina jambo moja tu, nimelikalia miaka kumi na mitano, na ukiondoka kesho bila kulisikia sijui kama nitapata tena ujasiri wa kulisema.

Ni habari ya mlango.

Unaukumbuka ulivyoingia chumba hiki? Babu yako alipohamia nyumba ya tofali, mlango wa nyumba yake ya zamani ulibaki umeegemea ukuta, mbao nene alizoziranda mwenyewe ujanani. Nilimwomba. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia wa kuchezea vita. Alinitazama, mtu mzima mwenye ndevu, mchoraji wa ofisi ya ramani mjini, akasema, "Samweli, hivi una miaka mingapi sasa?" Lakini akanipa. Tukaulaza juu ya makreti mawili ya soda, ukawa meza.

Ulikuwa na miaka saba uliponiuliza mchezo huu unachezwaje, nikakujibu kwa nusu saa mpaka ukasinzia. Leo ningekujibu hivi: tunachukua vita vilivyopiganwa kweli, tunavipunguza mpaka vikae juu ya mlango, halafu tunavipigana upya, tuone kama vingeweza kwenda vinginevyo. Basi. Mzungu mmoja mzee alikuja ofisini kutafuta ramani za zamani za upande wa Longido, na alipoondoka aliniachia kijitabu cha kanuni kilichokunjika kona zote. Nilikisoma kwa kamusi masika nzima. Mama yako alidhani nasomea uchungaji.

Kitu cha kwanza kijitabu kilichotaka kujua ni hiki: uwanja wako una ukubwa gani, na kipande kimoja juu ya meza ni watu wangapi? Mimi mtu wa ramani nilicheka. Hayo maswali ndiyo yaliyokuwa yakinipa ugali. Nikayajibu kwa dakika kumi, tena tumbo tupu, nikingoja chakula cha jioni.

Nikayajibu vibaya, kwa sababu nilianza na mlango. Nikasema, mlango una urefu wa mita mbili, na mimi nataka kila kitu kionekane, Meru huku, vilima vya Longido kule, na nyika yote iliyo katikati. Kwa hiyo shubiri moja juu ya meza iwe mwendo wa saa moja kwa mguu. Ukishakata skeli hivyo, mengine yanajiamulia yenyewe. Vikosi vyetu vilikuwa vibao vya mti wa mgrevilea, upana wa kiberiti, ina maana kibao kimoja kinaziba robo saa nzima ya njia. Watu ishirini hawawezi kuziba robo saa ya njia, wala hamsini hawawezi. Nikaweka watu mia mbili kwa kibao. Buni nne zilizogundishwa juu ya kila kibao cha Mjerumani, maharage manne juu ya kila kibao cha Mwingereza, kila punje watu hamsini. Wasiofika nusu ya punje hawawekwi. Kanuni hiyo niliiandika kwa wino nikaibandika ukutani, na unajua ilikaa pale miaka mingapi.

Nisikudanganye, niliupenda sana wakati ule, na bado naupenda. Mlima tuliutengeneza kwa sufuria ya mama yako iliyotoboka, tukaifunika gunia na udongo. Ilikuwa imebonyea ubavuni. Nilitaka kuuziba ule ubonyeo, wewe ukanizuia, ukaizungusha sufuria taratibu mpaka pale palipobonyea pakaangalia mashariki. Kwa nini, nikakuuliza. Ukanionyesha dirishani. Kweli, mlima wenyewe umebomoka upande uleule. Mimi nimeuchora Meru mara ngapi sijui, na sikuwa nimefikiria.

Halafu yale ya shubiri. Fundi Lota alikuwa ameingia kwenye mchezo kwa bahati, alikuja kutoka gereji yake ya Sakina kutengeneza gari la ofisi, akaona vibao juu ya meza yangu, akauliza mara moja tu, na Jumapili iliyofuata alikuwa hapa na soda zake. Lota ana mkono kama sepetu. Akipima shubiri moja, jeshi lake limeshavuka mto. Wewe ukipima shubiri moja, jeshi lako bado liko kwenye majani. Ulivumilia michezo miwili. Mchezo wa tatu ukapanda juu ya kreti ukamwambia, "Fundi Lota, shikamoo. Askari wako wana miguu mirefu kuliko wangu?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Marahaba, binti. Hapo umenikamata."

Ndipo nikakata kijiti cha mkahawa, mti wetu wa kahawa, urefu wa shubiri yangu, tukakitundika kwenye msumari, kikawa shubiri ya wote. Na kila Pasaka ulilaza kiganja chako juu yake, mimi nikaweka alama kwa kisu pale kidole chako kilipofika. Ziko alama saba. Nimezihesabu tena leo.

Babu yako alikuwa anakuja alasiri kama hii, miaka tisini na ushee, anakokota kiti cha plastiki mpaka karibu na meza, anakaa, anautazama mlango wake. Ukimwambia shikamoo anajibu, "Marahaba mchumba wangu, leo umemuua nani?" Nawe unamweleza, kibao kwa kibao, na uongo kidogo wa kumfurahisha. Nilidhani anakuja kwa ajili yako tu.

Siku moja akaniuliza, "Samweli, hii vita ni ile ya Mjerumani na Mwingereza?"

"Ndiyo, baba."

Akagusa chini ya sufuria kwa kidole. "Na huku ni kwetu?"

"Ndiyo."

"Baba yangu yuko wapi?"

Habari yake unaijua, lakini acha niiandike, angalau iwe kwenye karatasi mahali fulani. Baba yake babu alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, yeye na wenzake kumi na sita wa kijiji hiki. Mke wake alikuwa na mimba. Walitoka hapa uani asubuhi, wakateremka hadi kwenye kivuko cha mto, pale palipo na daraja siku hizi, na njia ilipokata kona mke wake hakumwona tena. Hakurudi hata mmoja kati yao. Hakuna kaburi, hakuna picha, hakuna daftari lenye jina lake. Ile mimba ndiyo babu yako.

Nilimjibu kwa upole, na hilo ndilo baya zaidi. Ningekuwa nimefoka, ningejuta siku ileile. Nilimweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wateja dirishani. Nikasema, baba, wapagazi kwenye mchezo huu hawawekwi. Kijitabu kinawahesabu kama mwendo. Jeshi lenye wapagazi linakwenda shubiri mbili, lisilo nao linakwenda moja.

"Kwa hiyo baba yangu ni shubiri?"

Nikasema hata tungewaweka, watu kumi na saba hawafiki nusu ya punje moja. Skeli hairuhusu. Nikamwonyesha na karatasi ukutani, Mungu anisamehe, mzee asiyejua kusoma.

Akainuka. "Mlango mliochukua ni wangu," akasema, "na baba yangu hayumo."

Wewe ulikuwa umeshika kibao hewani. Hukukiweka chini mpaka alipotoka nje.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapokwenda siku zote halafu narudi nyuma.

Mwezi ule tulikuwa tumealikwa kuonyesha mchezo kwenye ukumbi wa usharika, baada ya ibada. Walikuwa wanakuja walimu, vijana wa chuo kutoka Makumira, na mhadhiri mmoja mgeni aliyekuwa amesomea habari za vita hivyo. Nilijiandaa kama bwana harusi. Jumamosi yake, nilikuwa nimetoka kuosha vibao, nikapita jikoni, nikawaona wewe na babu barazani. Ungo wa mama yako wenye ulezi ulikuwa katikati yenu. Mlikuwa mnachagua. Macho ya babu yalikuwa yamekwisha, anazipapasa kwa kidole, wewe unamweleza rangi.

"Hii ina weusi upande mmoja, babu."

"Yeye alikuwa mweusi, mama aliniambia. Chukua hiyo."

"Lakini ni ndogo."

"Na mimi nilikuwa mdogo. Iweke njiani tu, mchumba, pale wanapoteremka. Usimwambie mtu."

Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia yote. Sijui kama nimewahi kuandika sentensi ngumu kuliko hiyo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Babu alikaa mstari wa mbele na koti lake la Pasaka. Mhadhiri alizunguka meza, akasifia vibao, akasifia nyika, akaniita mtaalamu mbele ya mchungaji. Nikavimba kichwa. Halafu akainama, akasogeza miwani, akanyoosha kidole kwenye njia iliyo chini ya sufuria. Palikuwa na punje moja ya ulezi, peke yake, bila kibao.

"Na hii ni nini?"

Kila mtu akainama kuangalia. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Lota aliijua, maana alipanga meza pamoja nawe, nilimwona ananitazama. Wewe ulikuwa upande wa pili wa meza, umesimamia majeshi yako, na ulikuwa unatabasamu, kwa sababu uliamini nitawaambia.

Nikasema, "Uchafu tu, samahani." Nikaipuliza.

Wala sikuipuliza kwa nguvu. Punje ya ulezi haihitaji nguvu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila mwaka natafuta sababu nzito zaidi ili nisionekane mjinga. Haipo. Niliogopa kuchekwa. Nilimpuliza babu yangu kutoka kwenye mlango wa mwanawe, mbele ya mwanawe, ili mgeni mwenye miwani aendelee kuniita mtaalamu kwa dakika tano zaidi.

Babu alichukua fimbo yake akatoka. Watu walipokuwa wanakunywa chai, wewe ulikuwa chini ya mabenchi, magoti chini, gauni jeupe la kanisani. Nilikuita usimame. Nikasema unajichafua.

Lota alinifuata kesho yake ofisini, akakataa hata kukaa. "Baba Elifuraha, ile ilikuwa punje ya mzee." Nikamkwepa miezi mitatu. Na baba yangu aliendelea kuitikia shikamoo yangu kila asubuhi, sauti ileile, ila hakukanyaga tena stoo. Kiti chake cha plastiki kilibaki pale pale. Masika iliyofuata tukamzika, na mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Wewe ulikua. Uliendelea kucheza, lakini hukunibishia tena, na mchezo bila ubishi wako ulikuwa kama chai bila majani. Halafu ukiwa kidato cha pili, tunamenya kahawa, mimi nazungusha mashine, wewe unamimina maji, ukaniuliza bila kuniangalia, "Baba, ile punje ya ulezi, kule ukumbini. Ulijua ni nani?"

Nikajitia hamnazo. "Ningejuaje? Niliona uchafu."

Ukamimina maji. Ukasema, "Sawa, baba."

Jioni ile ulirudisha kijiti cha mkahawa msumarini, na mimi nikafikiri umechoka. Pasaka iliyofuata sikuwa na kiganja cha kuweka alama. Tangu siku ile kila ninachokuambia unajibu hivyohivyo. Nikikushauri somo, sawa, baba. Nikisema kazi ya Mpanda ni mbali mno, sawa, baba, na ukaenda kuisaini. Nikisema Lota atakupeleka stendi, sawa, baba. Majirani wananisifia binti mwenye adabu. Hawajui kwamba naomba kila siku unikatalie kitu kimoja kwa sauti, kama ulivyomkatalia Lota shubiri yake.

Nilijua, Elifuraha. Nilijua ni nani, nilijua nani ameiweka, nilijua kwa ajili ya nani. Nilijua rangi yake. Niliipuliza nikijua, na ulipouliza nikakudanganya nikijua. Wewe hukukosea hata nukta. Nafikiri umeishi miaka yote hii hujui kama baba yako ni kipofu au ni mwongo, ukaamua kwa heshima kunihesabu kipofu. Mimi ni mwongo.

Na kuna la pili. Tulipomaliza matanga ya babu, mimi ndiye niliyekunja nguo zake. Kwenye mfuko wa ndani wa lile koti la Pasaka kulikuwa na kiberiti. Ndani yake pamba, na ndani ya pamba punje moja ya ulezi, nyeusi upande mmoja. Sijui ilifikaje pale. Nadhani uliipata chini ya mabenchi ukampa. Sijawahi kukuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Nimeiweka kwenye droo ya kalamu zangu miaka yote hii, na kila ninapotafuta kifutio naiona.

Sasa unakwenda kupanga ardhi ya vijiji. Kazi yako itakuwa jamaa ya kazi yangu, kwa hiyo hapa nina haki ya kusema kidogo, halafu ninyamaze. Utapewa karatasi, nayo itakuwa ndogo, sijawahi kuona karatasi inayotosha. Utatakiwa uonyeshe mashamba, malisho, mto, shule, na utachagua skeli. Hakuna skeli inayoonyesha wote, nimetafuta tangu ujana wangu. Ukitaka mlima mzima, unampoteza mtu. Ukitaka kumwona mtu, mlima unatoka nje ya meza. Hilo halina mkosaji. Kosa langu lilikuwa kwamba nilimwambia baba yangu "skeli hairuhusu" kana kwamba skeli ni bwana mkubwa fulani ametoka Dodoma na amri yake. Niliikata mwenyewe, kwa dakika kumi, nikiwa na njaa. Ningeweza kuikata upya jioni ileile. Ningeweza hata kuvunja kanuni kwa punje moja, na Mjerumani na Mwingereza wasingelalamika, walishakufa.

Siku moja mzee fulani huko atainama juu ya kazi yako akuulize, mimi niko wapi hapa? Natumaini utamvutia kiti.

Hizi wiki tatu ulizokuwa unahangaika na vyeti na barua ya kuripoti, umenisikia nagonga huku stoo. Ulidhani natengeneza rafu, na mimi sikukanusha. Nimeuvua mlango. Nimetoa sufuria, nimeirudisha kwa mama yako, amenishangaa. Nimefuta Longido na nyika yote. Nimebandua na ile karatasi ya ukutani. Safari hii nimeanza na mtu. Nimejiuliza kwanza, kama mtu mmoja ni punje moja ya ulezi, mlango huu unaweza kubeba nchi kiasi gani? Nikapiga hesabu kwa penseli, nikaenda kuipima njia kwa hatua zangu mwenyewe, goti likinilalamikia kila mteremko.

Unabeba kutoka uani kwetu hadi darajani. Zaidi ya hapo hakuna nafasi, vita vyote vimebaki nje. Uko ua, uko mfereji, iko migomba ya mzee jirani na ile kona ya njia. Kwa kijiti chetu ni shubiri tisa.

Lota alikuja juzi. Akauzunguka mlango mara mbili. "Adui yuko wapi?"

"Hamna."

"Sasa tunachezaje?"

Nikamwambia hatuchezi, hapa kuna watu wanaondoka nyumbani. Akavua kofia, akavuta kile kiti cha plastiki cha babu, akakaa.

Punje kumi na sita nimezigundisha njiani, zinateremka. Ya kumi na saba bado iko kwenye kiberiti, na kiberiti nimekiweka juu ya mlango, pale uani. Sikuthubutu kuitoa kwa mkono wangu, wala pumzi yangu haistahili kuwa karibu nayo. Ni yako na babu. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uione ukirudi, na stoo sitaifunga. Uiweke njiani unapoona panafaa. Au uichukue uende nayo Mpanda. Au uikute na uiache, ufunge mlango wa stoo, uniambie hujanisamehe na pengine hutanisamehe. Nitakubali. Ila usiniambie "sawa, baba". Nigombeze, mwanangu, nibishie mpaka mama yako aje kuamulia. Nimeikosa sauti yako humu ndani miaka kumi.

Na kabla hujafanya lolote, laza kiganja chako kwenye kijiti. Kisu kiko dirishani. Najua mkono umeshaacha kukua, nataka alama tu.

Namsikia mama yako ananiita nikashike miguu ya kuku. Naharakisha.

Kesho alfajiri utatoka uani kwa njia ileile, begi begani, uteremke hadi darajani, maana gari la Lota halipandi tope letu na atakungoja pale. Mimi na mama yako tutasimama uani mpaka utakapokata kona. Yule mama mwenye mimba alisimama hapohapo. Alitazama watu kumi na saba wakiteremka, akangoja mpaka akazeeka, hakuja hata mmoja.

Sisi tunamtazama mmoja tu. Wewe urudi.

Ni mimi baba yako, niliyejua.